Gemu za mapigano zimekufa au bado zipo? Namna ya kukagua mwenyewe kabla hujatoa hela

Kila mwaka lazima atokee mtu aseme gemu za mapigano zishakwisha, watu wamehamia kwenye bunduki na mpira, na kila mwaka hao hao wanaosemwa wamekwisha wanajaza ukumbi. Evo 2023, shindano kubwa la gemu hizi pale Las Vegas, Street Fighter 6 peke yake ilisajili wachezaji zaidi ya 7,000, na hapo nahesabu waliojiandikisha kupigana, watazamaji siwahesabu. Kwahiyo ukumbi haujafungwa. Ila hiyo habari haikusaidii sana wewe unayetaka kununua gemu leo, maana aina nzima inaweza kuwa inapumua vizuri afu gemu uliyonunua wewe ikawa maiti. Cha kujiuliza ni kimoja tu: nikiwasha saa ninazochezaga mimi, napata mtu wa kiwango changu na mechi inaenda bila kuganda? Hilo unaweza kulikagua mwenyewe na ndo nataka kukuelekeza.

Kwanza achana na namba za mauzo. Mortal Kombat 11 ya 2019 iliuza nakala zaidi ya milioni 15, ni nyingi kwelikweli, lakini wengi wanaonunua Mortal Kombat wanacheza stori, wanamaliza, wanaangalia watu wakichanwa vipande mara mbili tatu, wanaweka pembeni (na hawana kosa, hela yao). Unaowatafuta wewe ni waliopo kwenye foleni leo. Kama unachezea kompyuta ingia SteamDB (tovuti inayoonesha watu wangapi wanacheza gemu kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta) uangalie grafu ya gemu husika, na usihangaike na wiki ya kwanza, gemu zote za mapigano zinapaa siku ya kutoka afu zinaporomoka, huo sio msiba. Angalia mstari umetulia wapi baada ya miezi sita au mwaka. Ukikuta umetulia sehemu moja, na kila akitoka mhusika mpya unapanda kidogo ndo unarudi, hiyo gemu ina wenyewe. Ukikuta unateremka tu bila kusimama, kaa mbali.

Grafu ya Steam lakini haikuoneshi watu wa PlayStation na Xbox, ndo maana swali la pili ni hili: watu wa mashine tofauti wanakutana? Street Fighter 6 na Tekken 8 wanakutana wote, wa kompyuta anampiga wa PS5 bila shida, kwahiyo namba ya Steam unayoiona ni kipande tu. Kama gemu imewatenga watu kwa mashine zao, hesabu upande wako peke yake, hao wengine hawakuhusu hata wawe mamilioni.

Tatu, angalia kama wenye gemu bado wanaitunza. Mortal Kombat 1 ilitoka 2023 na kufikia 2025 wakatangaza kwamba hakuna wahusika wapya tena. Bado inachezeka, ila ukiinunua ujue unanunua kitu kilichofika mwisho wake. Na usidanganyike na neno "bure" pia. MultiVersus ilikuwa bure, ina Batman, ina Bugs Bunny, ilirudishwa upya Mei 2024 kwa kishindo, na Mei 2025 seva zikazimwa, imebaki ya kucheza bila mtandao tu.

Kitu ambacho watu wengi wanakisoma kichwa chini miguu juu ni kelele. Aprili 2025 Tekken 8 ilipoingia msimu wa pili wachezaji waliwaka, waliahidiwa ulinzi utaongezewa nguvu wakaletewa mashambulizi zaidi, Steam ikajaa maoni mabaya mpaka wenye gemu, Bandai Namco, wakaanza kutoa marekebisho ya haraka. Mtu wa nje akiona vile anasema basi, Tekken imekufa. Mi nasema kinyume, watu hawagombani hivyo juu ya kitu wasichokicheza. Gemu ya kuiogopa ni ile ambayo mhusika mmoja amevunja mizani kwa miezi na hamna hata mtu analalamika.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe, mtandao, hapa usipite haraka maana ndo panapoamua kila kitu.

Gemu hizi zinaenda kwa fremu (picha moja moja za skrini) 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 17. Ngumi nyepesi kwenye Street Fighter 6 inatoka kwa fremu 4 hivi. Sasa chukulia wewe na mpinzani wako mna ping (muda wa taarifa kwenda na kurudi) ya milisekunde 100, maana yake kitufe alichobonyeza kinachukua kama milisekunde 50 kukufikia, fremu tatu. Mfumo wa zamani ulikuwa unafanya hivi: gemu inasubiri kitufe cha mwenzako kifike ndo ichore picha, kwahiyo hata kitufe chako wewe kinacheleweshwa ili mwende sawa. Mtandao ukiyumba kidogo gemu nzima inakuwa nzito, unabonyeza sasa mkono unatoka baadae, kombo (mapigo yanayofuatana kwa mkupuo) uliyoifanyia mazoezi wiki nzima inakatika katikati. Huo mfumo ndo ulioua gemu nyingi nzuri onlaini, watu walikuwepo tena wengi ila kucheza kulikuwa adhabu.

Mfumo mpya ni rolbaki. Hapa kitufe chako kinatoka saa hiyo hiyo, na kitufe cha mwenzako ambacho hakijafika gemu inakikisia: alikuwa anatembea mbele, basi itachora bado anatembea mbele. Taarifa ya kweli ikifika na ikaonekana kumbe alipiga teke, gemu inarudi nyuma fremu chache, inapachika lile teke, inakimbiza hesabu mpaka ilipo sasa, yote hayo ndani ya fremu moja bila wewe kujua. Kwanini inafanya kazi? Kwa sababu binadamu habadilishi kitu mara 60 kwa sekunde, muda mwingi anafanya kilekile alichokuwa anafanya fremu iliyopita, kwahiyo kisio linapatia mara nyingi sana. Likikosea ndo unaona mtu ameruka kama katoka hewani au teke limeanzia katikati. Tony Cannon, mmoja wa walioanzisha Evo, ndo alitengeneza GGPO, programu iliyoupa mfumo huu umaarufu, na 2019 ikaachiwa wazi mtu yeyote aitumie.

Kwahiyo kabla ya kununua hakikisha ina rolbaki, tena kwenye mashine yako wewe. Dragon Ball FighterZ ilitoka 2018 na mfumo wa zamani, 2024 ikapata rolbaki, lakini kwa kompyuta, PS5 na Xbox Series, PS4 ikaachwa. Jina moja, kava moja, na ni gemu mbili tofauti kabisa ukiingia onlaini. Na tafadhali chomeka kebo. Shida ya Wi-Fi kwenye hizi gemu mara nyingi haihusiani na spidi, shida ni kwamba taarifa zinakuja kwa mafungu, mara haraka mara zimechelewa, na rolbaki inalazimika kukisia mbali zaidi, ndo hapo mnaanza kupotea na kutokea kama majini. Street Fighter 6 inakuonesha kabla ya mechi kama mwenzako yuko kwenye kebo au Wi-Fi, watu wengi wanakataa Wi-Fi bila hata kufikiria. Utakuwa unakaa foleni unashangaa mbona sipati mtu, unasema gemu imekufa, kumbe wanakuona na wanakupita.

Ukisharidhika nunua, ila nunua kwa akili. Steam wanarudisha hela kama hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili hizo watu wanazimaliza kwenye stori na kumvalisha mhusika nguo, makosa hayo. Wewe ukimaliza kupanga mipangilio nenda moja kwa moja foleni ya ranki (mechi za kupanda na kushuka ngazi), saa zako za kawaida, kama unachezaga usiku wa manane basi jaribu usiku wa manane. Utakula kichapo, ni sawa, hujaja kushinda, umekuja kupima. Angalia unasubiri muda gani, ping zao ngapi, na kama ni mtu yule yule anarudi kila mara. Ukikutana na mtu mmoja mara nne ndani ya saa moja, ushapata jibu, rudisha hela yako.

Haya, gemu ipo hai, umebaki nayo. Sasa mwezi wa kwanza ndo wengi wanakimbia, na sababu wanayoitoa ni "mi mzee, mkono umeshakuwa mzito". Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou 2023, dhahabu ya Street Fighter V ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini akiwa na miaka 44. Kwahiyo hiyo ya umri iweke pembeni.

Chagua mhusika mmoja, yeyote unayempenda sura, usichague kwa orodha za nani mkali nani dhaifu, hizo ni za watu wa juu huko. Kwenye Street Fighter 6 kama mizunguko ya vidole inakushinda tumia mfumo wa Modern, mapigo maalum yanatoka kwa kitufe kimoja, ukitumia njia hiyo ya mkato madhara yanapungua asilimia 20 na hiyo ndo bei yake. Kuna watu watakucheka. Waache.

Afu usianze na kombo. Najua video zote zinaanza na kombo, ila kombo ni malipo ya kumpata mtu, na wewe bado humpati. Anza na kumpiga mtu anayekurukia. Wachezaji wa ngazi za chini wanaruka kama vile ardhi ina moto, ukiweza kuwashusha tu umeshapanda ngazi kadhaa bila kujua kitu kingine chochote. Fanya hivi: ingia chumba cha mazoezi, chukua Ryu, mpinzani mrekodi vitu vitatu tofauti, kwanza anaruka mbele na teke zito, pili anatembea mbele tu, tatu anarusha moto. Weka avicheze bila mpangilio, usijue kipi kinafuata. Kazi yako moja, akiruka chuchumaa upige ngumi nzito, akirusha moto kinga, akitembea usifanye chochote.

Utashangaa hicho cha mwisho ndo kigumu. Kuruka kunachukua zaidi ya fremu 40, jicho na mkono wa mtu wa kawaida vinahitaji kama 15, muda upo wa kutosha kabisa. Kinachokuangusha ni akili kuwa busy, unawaza utafanya nini wewe, kwahiyo akiruka unamuona ila kidole kiko kwenye shughuli nyingine. Na ukianza kubonyeza ngumi kwa kuhisi tu ataruka, yule anayetembea anakuja anakukamata. Ukipatia mara nyingi kuliko unavyokosa, toka nje ucheze mechi za kweli na ujipe lengo hilo hilo tu, nimeshusha wangapi, kushinda au kushindwa usikuhesabu kwanza. Kombo moja fupi ya kumalizia utaiongeza baadae, inatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Ukifungwa angalia marudio, ila usiangalie yote, tafuta pigo lililokuondolea damu nyingi na ujiulize ulikuwa umebonyeza nini sekunde ile. Tekken 8 hapa imewapita wote, unaweza kusimamisha marudio, ukachukua pedi ukajaribu jibu lingine pale pale, na yenyewe inakuonyesha pigo ambalo ungeweza kuliadhibu.

Tafuta watu pia, onlaini peke yake haitoshi. Arslan Ash alipotokea Pakistan 2019 akachukua Evo Japan na Evo ya Marekani mwaka mmoja kwenye Tekken 7, dunia ilishtuka, yeye akawa anasema kwao kuna wengine kama yeye. Walikuwa wamepikana wenyewe kwa wenyewe, ana kwa ana, na nje hakuna aliyewaona kwenye namba zozote. Kwahiyo grafu ikikwambia hamna mtu, ulizia kwanza makundi ya Discord ya gemu hiyo na tazama start.gg, tovuti ya mashindano, kama kuna shindano lolote karibu yako.

Na kama gemu unayoipenda ni ya zamani kabisa, sheria zote za juu zinageuka. Street Fighter III: 3rd Strike ni ya 1999 na bado unapata mechi kupitia Fightcade (programu ya kuchezea gemu za zamani onlaini), Super Smash Bros. Melee ni ya 2001 na tangu 2020 ina Slippi yenye rolbaki ambayo mashabiki wamejitengenezea. Fightcade usisubiri mashine ikutafutie mtu, unaingia chumbani, unaona majina ya waliopo na ping zao, unamtupia mtu mwaliko. Anza na walio chini ya 100, usiogope kupigwa kumi bila, na ikitokea umepigwa hivyo mwandikie pale pale umuulize ulikuwa unaliwa na nini, waliobaki kwenye gemu za umri huo wana kiu ya wachezaji wapya na wengi watasimamisha mechi wakuoneshe.