Ukienda kuwauliza watu wa kazi tabaka lao

Nilikuwa karani wa sensa mwaka 2019 hapa Lamu, na hadi leo wanafunzi wa vyuo wakija na hojaji zao, mimi hutembea nao. Swali linaloharibu kazi ni lile la "Wewe ni wa tabaka la chini, la kati au la juu?" Usianze nalo. Mchukuzi atajibu "mimi mtu wa kawaida", mwenye duka naye "wa kawaida tu", na jioni fomu zote zimefanana.

Anza na kazi, baada ya salamu kamili. Mvuvi mngoje barazani baada ya alasiri. Mwenye punda mfuate ufukoni akisubiri jahazi la mchanga, maana mchanga ukianza kuteremshwa hana nafasi nawe. Kisha uliza: "Ami, punda hawa ni wako?" Hapo ndipo penye habari. Wawili watapita kichochoro kimoja, shogi (makapu ya punda) zimejaa sawasawa, kumbe mmoja punda ni wake na mwenzake jioni anampelekea tajiri hesabu. Kwenye mashua, uliza nani analipia mafuta na barafu, na chombo kinachukua mafungu mangapi ya mapato kabla mabaharia hawajagawana. Mkata boriti muulize bei ya korja, yaani boriti ishirini, na ni nani aliyemkopesha chakula cha kwendea mikokoni.

Neno "hasla", yaani mhangaikaji wa riziki, usilitaje wewe. Tangu kampeni za uchaguzi wa 2022 wapo wanaolivaa kwa fahari, na wapo wanaokasirika ukiwaita hivyo. Akijiita mwenyewe, andika. "Maskini" pia ni hivyo hivyo: mtu hulisema juu yake mwenyewe, si la kuambiwa na mgeni mwenye kalamu.

Na tafadhali sana, mtaa na ukoo usivifanye kipimo. Utumwa kwenye pwani hii ulifutwa kisheria 1907, lakini kumuuliza mtu kama wao ni waungwana, yaani si uzao wa watumwa, bado kunachoma, na aliyechomwa hatakujibu la pili. Mtaa wa Mkomani, unaohesabiwa wa waungwana, kuna majumba ya mawe ambayo anayelala ndani ni mlinzi, mwenyewe yuko ng'ambo. Mtaa wa Langoni, unaohesabiwa wa watu wa chini, wako wenye maduka na vyombo vya baharini.

Ukimaliza, msomee ulichoandika. Neno asilolitaka likate mbele yake, uandike lake.