Kabla ya Kuingia Katika Somo la Nishati ya Uionishaji

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, mara nyingi hulifikia somo hili akiwa na mishale miwili tu kichwani: nishati ya uionishaji hupanda tukienda kulia katika jedwali la elementi, na hushuka tukienda chini. Mishale hiyo ni ya kweli, lakini aliyeibeba peke yake hukwama swali linapomgusia boroni au oksijeni, kwa hiyo yako mambo ambayo afadhali ayaweke sawa kabla.

La kwanza ni maana yenyewe. Nishati ya kwanza ya uionishaji ni ile inayohitajika kuing'oa elektroni iliyoshikwa kwa ulegevu kuliko zote, kutoka katika atomu iliyo peke yake, katika hali ya gesi. Maneno ya mwisho huachwa kwa urahisi, na hasara yake huonekana baadaye. Lithiamu ina kilojuli 520 kwa moli na sodiamu 496. Anayesahau kwamba vipimo hivi ni vya gesi atahitimisha kwamba sodiamu hutoa elektroni kwa urahisi zaidi popote pale, kisha atashangaa kuona kwamba katika maji lithiamu ndiyo yenye volti hasi zaidi, yaani ndiyo iliyo tayari zaidi kutoa elektroni, kwa sababu ioni yake ndogo (atomu iliyokwisha kupoteza elektroni) hukumbatiwa na molekuli za maji kwa nguvu kubwa.

Vipimo navyo vitazamwe mapema. Vitabu vingine huandika kilojuli kwa moli, vingine elektronivolti, na elektronivolti 1 ni sawa na kilojuli 96.5 kwa moli. Haidrojeni ya 13.6 na haidrojeni ya 1312 ni ile ile.

Baada ya hapo, mwanafunzi ajipime kama anaweza kuandika mpangilio wa elektroni wa elementi 20 za mwanzo bila kuchungulia daftari. Asiyeweza asiendelee, arudi nyuma kwanza, hata kama mtihani uko karibu, kwa kuwa maelezo yote yajayo yamejengwa juu ya maswali matatu: kiini kina protoni ngapi, elektroni ya nje iko mbali kiasi gani, na ni elektroni zipi zilizosimama katikati zikiukinga mvuto wa kiini.

Sisi wa Katanga tuna mfano mzuri wa maswali hayo mkononi mwetu. Potasiamu na shaba zimo katika mstari mmoja, wa nne, na kila moja ina elektroni moja tu katika ganda la nje, ila potasiamu ina nishati ya kilojuli 419 kwa moli na shaba 745. Kiini cha shaba kina protoni 29 dhidi ya 19, na zile elektroni 10 zilizoongezeka katika obiti za 3d (obiti ni kama chumba cha elektroni ndani ya ganda) ni wakingaji dhaifu, hivyo elektroni ya nje huvutwa karibu na kushikwa barabara. Potasiamu ikitumbukizwa majini huwaka kwa mwali wa zambarau, ilhali misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliitumia kama fedha imedumu vizazi na vizazi. Nishati hii si sababu pekee ya tofauti hiyo, lakini ni mojawapo.

Halafu iandaliwe karatasi ya milimita, penseli na namba zenyewe, na mchoro ufanywe kwa mkono, mchana, umeme usije ukakatika kazi ikiwa nusu. Kutoka lithiamu (520) hadi neoni (2081) mstari hupanda, lakini huanguka mara mbili, na hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Beriliamu ina 900, boroni 801: elektroni ya tano ya boroni imeingia obiti ya 2p, iliyo juu kidogo kinishati kuliko 2s, kwa hiyo hung'oka kwa urahisi. Nitrojeni ina 1402, oksijeni 1314: katika nitrojeni kila obiti ya 2p ina mkazi mmoja, lakini katika oksijeni wawili hulazimika kubanana katika obiti moja, nao husukumana. Anayeweza kueleza maporomoko haya mawili kwa maneno yake hana haja ya kukariri mishale.

Mwisho, zisisahauliwe nishati zinazofuatana. Magnesiamu hudai 738, kisha 1451, kisha 7733, kwa kuwa elektroni ya tatu hutoka katika ganda la ndani lililojaa. Ajaribu basi elementi yenye 578, 1817, 2745 na 11577: akitaja kundi la 13, ambalo vitabu vya zamani huliandika IIIA, yuko tayari kufungua somo.