Kabla ya Kuketi Mezani kwa Mama Mpishi wa Bologna

Ukialikwa kula nyumbani kwa mtu Bologna, mji wa Italia, au ukiweka nafasi kupitia Cesarine, mtandao wa wapishi wa nyumbani ulioanzia mji huohuo mwaka 2004, jambo la kwanza la kushughulikia si nguo wala zawadi. Sema mapema usichokula. Mgahawani utaletewa menyu uchague. Nyumbani mama ameshaamua, na huenda supu imebandikwa tangu jana.

Kwa Mwislamu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katika mapishi ya Bologna nguruwe yumo hata pale usipomwona. Tortellini, vile vifuko vidogo vya pasta vinavyopikwa ndani ya supu ya nyama, hujazwa nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella, ambazo nazo ni nguruwe, pamoja na jibini, yai na kungumanga. Ragù, mchuzi wa nyama ya kusaga, una ng'ombe ndiyo, lakini huanzia kwenye pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi, na humiminiwa mvinyo. Vimkate vya kufungulia mlo mara nyingi hukandwa au kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata zuppa inglese, inayoliwa mwisho, huloweshwa alchermes, kileo chekundu chenye viungo. Basi kusema tu kwamba huli nguruwe hakutoshi. Taja mafuta yake, taja na mvinyo wa ndani ya sufuria, maana wengi watadhani unaukataa ule wa kwenye glasi tu.

Anayekula nyama ya kuchinjwa kihalali pekee afadhali aombe mlo usio na nyama kabisa. Hatapunjwa. Tortelloni, ambazo ni kubwa kuliko tortellini na hujazwa ricotta, jibini laini, kisha zikamwagiwa siagi iliyoyeyushwa, ni chakula cha heshima, na binafsi nazipenda kuliko ndugu zake wadogo. Ila asiyekula chochote kitokanacho na mnyama aliyechinjwa ajue kwamba Parmigiano-Reggiano, jibini gumu la kukwaruza, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama; ndivyo kanuni zake zinavyotaka. Na mwenye mzio wa mayai asinyamaze: pasta ya huku hukandwa kwa yai moja kwa kila gramu 100 za unga, bila maji. Ujumbe ufike siku tatu au nne kabla, kwa maandishi.

Halafu kuna tumbo. Kwanza huja antipasto, vitu vya kuonjaonja, kisha primo, ambayo ni pasta au supu, kisha secondo ya nyama ikiwa na mboga pembeni, kisha kitu kitamu au matunda, kisha kahawa. Mgeni hujichana kwenye antipasto, akaongezwa tagliatelle, pasta ndefu bapa kama utepe, mara ya pili kwa sababu ni tamu, akadhani amemaliza. Ndipo nyama inapoingia. Asubuhi kunywa kahawa na kipande cha mkate, basi. Ukipakuliwa sana sema "poco, grazie", yaani kidogo, asante, kabla sahani haijajaa, kwani kubakiza chakula kingi humtia mama wasiwasi kuwa amekosea mapishi.

Usiagize tambi za Bolognese. Watu wa Bologna hula ragù na tagliatelle, na hawatanii: mwaka 1972 kipimo cha tagliatella kiliandikishwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji, upana wa milimita 8 ikishaiva, na mwaka 1982 mapishi ya ragù nayo yakaandikishwa hapohapo. Usiikate kwa kisu. Izungushe kwenye uma. Mkate unamegwa kwa mkono, haupakwi siagi, na mchuzi uliobaki kwenye sahani unaruhusiwa kuufuta kwa kipande cha mkate mkiwa mmeshazoeana kidogo. Kapuchino baada ya mlo usiombe. Kahawa ni ile nyeusi ya kikombe kidogo.

Mlangoni sema "permesso" kabla ya kuvuka kizingiti, ndiyo hodi yao. Chakula cha mchana ni kama saa saba, cha usiku saa mbili. Kuchelewa dakika tano si neno, kuwahi ndiko kubaya, maana utamkuta bado mikono ina unga. Ukichelewa nusu saa piga simu, kwa sababu pasta mbichi huiva kwa dakika chache na haisubiri mtu.

Zawadi iwe ndogo: keki kutoka duka la keki, au maua, ila si krisanthemu, maua ya makaburini huko. Anayetoka Unguja ana bahati. Kungumanga nzima chache kwenye mfuko safi zitamfurahisha mama huyu kuliko kinyago, maana hukwaruza kidogo ndani ya kila donge la tortellini.

Tiketi ya treni nayo iangalie. Mlo wa Jumapili ulioanza saa saba unaweza kufika saa kumi watu wakiwa bado wanazungumza juu ya vikombe vitupu. Ukikata ya saa tisa utaondoka kabla ya kahawa, na mwenyeji hataelewa haraka hiyo ni ya nini.