Chupa moja, miteremko mitatu: kupima kasi ya bakteria wa nitrifikesheni kwenye tope hai

Maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka yakiwa na amonia nyingi, wala-amonia, yaani bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, wamelegea. Nitriti ikipanda, wenzao wala-nitriti, wanaoigeuza kuwa nitrati, ndio walioachwa nyuma. Ukitaka kujua kila kundi limebaki na nguvu kiasi gani, pima tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaosafisha majitaka, linavyokula oksijeni, kisha nyamazisha kundi moja baada ya jingine ndani ya chupa ileile.

Dawa ni mbili. Klorati ya sodiamu huwasimamisha wala-nitriti: kimeng'enya chao huigeuza kuwa kloriti, ambayo ni sumu. Alilithiourea, ATU kwa kifupi cha maabara, hunasa shaba ambayo kimeng'enya cha wala-amonia hakiwezi kufanya kazi bila hiyo. Baada ya zote mbili, oksijeni inayoendelea kuliwa ni ya bakteria wengine wanaokula uchafu wa kawaida.

Tayarisha miyeyusho mitatu: klorati gramu 213 kwa lita, ATU gramu 1.5 kwa lita, ikae kwenye friji na itengenezwe upya kila baada ya wiki mbili. Na kloridi ya amoniamu gramu 3.82 kwa lita, yaani gramu 1 ya nitrojeni. Klorati isikaribiane na sukari, salfa wala karatasi. Ikimwagika, futa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa chenyewe ukisuuze vizuri, maana kikikauka na klorati huwaka kwa urahisi mno.

Chota lita moja ya tope kwenye tangi la hewa na ulipulizie hewa saa moja hadi mbili, ili uchafu unaoliwa upesi uishe na usivuruge usomaji. Hapo amonia nayo inakuwa imeisha, kwa hiyo ongeza mililita 20 za kloridi ya amoniamu. Hakikisha pH iko kati ya 7.5 na 8. Ikiwa chini, tia bikaboneti ya sodiamu kidogokidogo. Puliza hewa tena mpaka oksijeni ifike karibu na kikomo.

Jaza chupa ya mililita 300 mpaka shingoni, weka kichanganyio cha sumaku, ingiza proba ya oksijeni bila kubakiza kiputo hata kimoja. Kiputo kimoja hurudisha oksijeni na mteremko, yaani kasi ya oksijeni kushuka, unalala. Andika usomaji kila sekunde 15 kwa dakika 3. Ingiza mililita 3 za klorati, tupa dakika ya kwanza, soma dakika 3. Ingiza mililita 1 ya ATU, fanya vivyo hivyo. Usiruhusu oksijeni ishuke chini ya miligramu 2 kwa lita. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, unaanza na karibu 6.8 badala ya 8.3 ya Dar kwenye nyuzi 25, kwa hiyo tope zito lipunguze kwa maji yaliyochujwa kutoka tangi lilelile.

Mfano wa hesabu: miteremko ni 0.75, 0.62 na 0.20 mg/L kwa dakika. Tofauti ya kwanza, 0.13, gawa kwa 1.14, ya pili, 0.42, gawa kwa 3.43 (miligramu za oksijeni zinazoliwa kwa kila miligramu ya nitrojeni), kila jibu zidisha kwa 60. Utapata nitrojeni 6.8 mg/L kwa saa kwa wala-nitriti na 7.3 kwa wala-amonia. Gawa kwa uzito wa sehemu ya tope inayoungua kwenye tanuri la 550 °C ndipo ulinganishe siku na siku.

Usigeuze mpangilio. ATU ikitangulia, nitriti haizalishwi tena, na wala-nitriti wanasimama kwa njaa huku wewe ukidhani wote walikuwa wala-amonia.

Klorati ina udhaifu wake: Nitrospira, aina mojawapo ya wala-nitriti, wana kimeng'enya cha kuvunja kloriti, hivyo huenda wasisimame kabisa. Kagua kwa chupa ya pembeni yenye tope, nitriti ya 10 mg/L na ATU, bila amonia. Ukitia klorati na mteremko usibadilike, takwimu yako ya wala-nitriti haifai. Wala usichelewe, kwani kloriti ikilimbikizana huanza kuwaumiza hata wala-amonia.

Kosa linalosumbua zaidi ni mabaki ya ATU. Tone lililojificha kwenye kiungo cha proba hunyamazisha kipimo kinachofuata, nawe utasema tope limekufa. Suuza proba, chupa na sumaku mara tatu, na mabaki ya chupa usiyarudishe kwenye tangi la hewa.