Kuchangisha fedha za plagini ya WordPress: andika leseni kwanza, namba ya malipo baadaye

Kabla hujafungua grupu la WhatsApp la kuchangisha fedha za plagini yako, yaani programu ndogo ya kuongezea tovuti uwezo, fungua faili tupu na uandike leseni. Wengi huanza kinyume. Wazo linakuja, hesabu inapigwa, namba ya kupokelea pesa inatolewa, halafu kazi ikishaiva mchangiaji mkubwa anauliza: "Kwa hiyo hii ni yetu, sivyo? Au na jirani yangu ataipata bure?" Kama jibu halikuandikwa tangu mwanzo, lolote utakalosema hapo litasikika kama ujanja.

Mimi natengeneza tovuti za maduka hapa Mwanza. Wateja wangu wanauza vitenge Makoroboi, dagaa waliofungashwa, vipuri vya pikipiki. Karibu wote wako kwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na WooCommerce, plagini yake ya duka, na shida yao ni ileile: mnunuzi analipa kwa lipa namba, anatuma picha ya ujumbe wa muamala, na kijana wa dukani anakaa kuoanisha ujumbe na oda, mmoja mmoja, hadi usiku. Plagini ya kuoanisha miamala hiyo ndiyo niliyoichangishia, na ndiyo nitakayoitolea mifano. Ukitengeneza moduli ya Drupal au kiendelezi cha Joomla, mifumo mingine ya tovuti, mengi ya hapa yanakuhusu pia, kwa kuwa nako GPL, leseni ya programu huria, ndiyo inayotawala.

Leseni

WordPress ilizaliwa 2003 kutoka kwenye programu iliyoitwa b2, ambayo tayari ilikuwa chini ya GPL. Matt Mullenweg na Mike Little wakairithi pamoja na masharti yake. Leo ni GPL toleo la 2 au la baadaye, na msimamo wa mradi ni kwamba plagini inayotegemea vitendakazi vya WordPress ni kazi iliyotokana na WordPress, kwa hiyo msimbo wake wa PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, nao uwe GPL. Wapo waliobisha. Mwaka 2010 Chris Pearson, mwenye themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) maarufu iliyoitwa Thesis, alivutana na Mullenweg hadharani, na mwisho akakubali kuigawa: PHP ikaingia GPL, vitu kama CSS (maelekezo ya mwonekano) na picha vikabaki na masharti yake mwenyewe. Ugomvi huo waachie wenye mawakili. Ukitaka plagini yako iingie kwenye saraka rasmi ya WordPress.org, ambako watu hupakua plagini, kila kilichomo, hadi aikoni, lazima kiwe na leseni inayopatana na GPL. Weka "GPL toleo la 2 au la baadaye" kwa kila kitu, ulale.

Sasa elewa umefunga mkataba gani. GPL haikukatazi kuuza. Unaweza kumtoza mtu bei yoyote kwa nakala. Ila ukishampa, naye ana haki ya kuibadilisha, kuigawa bure au kuiuza, na huna sharti la kumzuia nalo. Ndiyo maana uchangishaji unaifaa sana kazi ya aina hii: kitu pekee ambacho hakuna mwingine anayeweza kukinakili ni kazi ambayo bado hujaifanya. Ukishaitoa plagini, umebaki na msaada, usakinishaji na masasisho ya kuuza. Kabla ya kuitoa, una plagini nzima mkononi mwako, na hapo ndipo pa kuomba fedha.

Mambo ya kuandika ni machache. Juu ya faili kuu la PHP weka mstari wa leseni, GPL-2.0-or-later, na kiungo chake. Weka faili lenye maandishi kamili ya leseni. Weka jina lako na mwaka kwenye mstari wa hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na ulinzi unaanza pale unapoandika, haungoji cheti. Kama rafiki anakusaidia kuandika msimbo, andikianeni hata nusu ukurasa kwamba kazi yake inaingia chini ya leseni hiyohiyo. Urafiki hautoshi, maana miaka mitatu baadaye mmoja wenu atakuwa ameajiriwa kwingine na hapokei simu.

Kagua maktaba unazoazima, yaani msimbo wa wengine unaoutumia ndani ya wako, zina leseni gani. Leseni za MIT na BSD hazina tabu. Apache 2.0 inapatana na GPL toleo la 3 lakini si la 2 peke yake, na hapo utaona faida ya maneno "au la baadaye". Picha au aikoni iliyoandikwa "si kwa matumizi ya kibiashara" itoe, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Halafu jina. Msimbo ni huru, alama za biashara si huru. Saraka haitapokea plagini ambayo jina lake linaanza na "WooCommerce". Tanguliza jina lako mwenyewe, kisha useme ni kwa ajili ya WooCommerce. Fanya hivyohivyo kwa M-Pesa na mitandao mingine, na nembo zao usizibandike kwenye tangazo la mchango bila ruhusa. Mtu akiona nembo ya mtandao atadhani mtandao umekutuma.

Hesabu ya lengo

Hapa ndipo watu wanapojidhulumu. Wanahesabu siku za kuandika msimbo, basi. Kwa plagini ya malipo, kuandika ni nusu ya safari.

Chukua WooCommerce yenyewe. Tangu toleo la 8.2, Oktoba 2023, maduka mapya yanahifadhi oda kwenye majedwali yake yenyewe badala ya jedwali la machapisho la WordPress. Plagini inayochota oda kwa njia ya zamani itashindwa, na mara nyingi itashindwa kimyakimya, jambo baya zaidi kwenye masuala ya pesa. Toleo lililofuata, 8.3, likafanya ukurasa wa malipo wa mabloku (vipande vinavyopangwa kwenye kihariri kipya cha WordPress) kuwa ndio wa kawaida kwa duka jipya. Maduka ya wateja wako ya zamani bado yako kwenye ukurasa wa zamani. Kwa hiyo njia moja ya malipo unaiandika mara mbili: PHP kwa ukurasa wa zamani, JavaScript kwa wa mabloku, na kila moja inajaribiwa peke yake. Hili usipoliweka kwenye bajeti utalilipa mfukoni.

Bajeti yangu ilikaa hivi, kwa shilingi za Tanzania: kuandika msimbo 3,600,000, simu, laini na miamala halisi ya majaribio 500,000, mtu wa nje wa kukagua usalama 700,000, matunzo ya mwaka mmoja 1,800,000. Jumla 6,600,000. Juu yake nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya makato ya kutuma na kutoa na ahadi zitakazoyeyuka, ikawa 7,260,000. Wako walioniambia nifiche ile milioni 1.8 ya matunzo kwa sababu inatisha. Mimi naona iachwe wazi. Plagini ya malipo isiyotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa nayo, na mfanyabiashara anaelewa gharama ya matunzo kuliko fundi anavyodhani. Ana friji dukani.

Mkaguzi wa usalama naye asiwe wa hiari. Plagini yangu inashika namba za simu na namba za miamala. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mwenye duka ndiye atakayeulizwa kwanza taarifa zikivuja.

Jukwaa lipi

Kickstarter inajulikana kwa mtindo wake wa yote au hakuna: lengo lisipofika, hakuna anayekatwa. Ni mtindo mzuri, lakini mwenye mradi lazima awe mkazi wa nchi walizoziorodhesha, na Tanzania na Kenya hazimo. Kenya wana M-Changa tangu 2012, inayopokea michango kwa M-Pesa. Tanzania, kwa mradi wa ukubwa huu, kamati ndogo na lipa namba vinatosha, ilimradi uige ule mtindo wa yote au hakuna kwa mikono yako.

Na mtindo huo tunao tayari: ni kamati ya harusi. Kwanza ahadi, kisha kupunguza ahadi, mweka hazina si bwana harusi. Kusanya ahadi kwa maandishi, usipokee hata shilingi, hadi ahadi zifike kiwango ulichotangaza. Zikifika, toa namba na siku ya mwisho. Zisipofika, mwambie kila mtu mchakato umefungwa. Hakuna wa kurudishiwa kitu kwa kuwa hakuna aliyetoa. Lipa namba iwe ya mtu wa pili ambaye wachangiaji wanamjua. Nilimwomba mama mmoja mwenye duka la jumla, mkali wa hesabu kuliko mimi, na naamini nusu ya watu walimchangia yeye.

Nani umwombe? Si ndugu. Ndugu atakupa 20,000 kwa upendo na hatakuuliza kitu, na mradi utakufa kwa kukosa wa kuuliza. Omba watu wanaopoteza saa kila siku kwa shida hiyo, na mafundi wenzako watakaoiweka kwa wateja wao. Hao wa pili wanasahaulika sana. Fundi mwenye wateja 15 anaokoa kazi yake mara 15, na anaweza kuchangia kuliko duka kubwa.

Waonyeshe kitu kinachofanya kazi, hata kibovu. Andrew Godwin alipochangisha Kickstarter mwaka 2013 ili kuingiza uhamishaji wa muundo wa hifadhidata ndani ya Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, aliomba paundi 2,500 na akapata zaidi ya 17,000. Siri si video nzuri. Yeye ndiye aliyekuwa ameandika South, nyongeza ambayo watu wa Django walikuwa wakiitumia kwa miaka kwa kazi hiyohiyo. Walichangia mtu ambaye tayari walikuwa wakila kazi yake, na mwaka uliofuata kazi ikatoka ndani ya Django 1.7. Wewe huna South? Toa toleo la kwanza linalofanya jambo moja tu. Langu lilikuwa linampa mnunuzi kisanduku cha kuandika namba ya muamala na kuiweka oda katika hali ya kusubiri. Hakikuwa na akili yoyote, ila vijana wa dukani waliacha kupekua picha.

Cha kuahidi na cha kutoahidi

Ahadi salama ni zile zisizogusa umiliki: jina la duka kwenye ukurasa wa shukrani (kwa idhini yake), kusakinishiwa na kufundishwa, kura ya mtandao gani uunganishwe kwanza, kujibiwa mapema kwa mwaka mmoja. Toleo la majaribio kabla ya wengine pia linawezekana, lakini wakijua kwamba hata hilo ni GPL: aliyelipokea anaweza kumpa mwingine siku hiyohiyo.

Usiahidi nakala ya peke yake. Usiahidi kwamba vipengele fulani vitafungwa kwa wasiochangia ndani ya toleo la saraka rasmi. Kanuni za WordPress.org hazikubali plagini yenye milango iliyofungwa hadi ulipe. Ukitaka ya kulipia, itoe kama plagini ya pili nje ya saraka, au uza huduma inayoendeshwa kwenye seva yako. Na usithubutu kuahidi gawio la faida. Hapo umetoka kwenye mchango, umeingia kwenye uwekezaji, na wadhibiti wa mitaji wana neno: Kenya imeshatunga kanuni za uchangishaji wa uwekezaji tangu 2022.

Ujumbe niliotuma ulikuwa hivi, uchukue, ubadilishe:

"Ndugu wafanyabiashara, naomba ahadi zenu kwa ajili ya plagini ya kuoanisha malipo ya lipa namba na oda. Lengo ni 7,260,000. Lisipofika, hakuna atakayetoa. Likifika, plagini itatolewa kwa leseni ya GPL: kila mtu, hata asiyechangia, ataruhusiwa kuitumia na kuibadilisha. Unacholipia ni kazi ifanyike, na shida yako itangulie kwenye foleni. Hununui umiliki. Hesabu zitatumwa hapa kila baada ya hatua."

Sentensi ya asiyechangia ndiyo itakayowakimbiza baadhi. Waache. Mmoja aliniambia wazi hatamlipia mshindani wake, akatoka kwenye grupu. Nafuu atoke siku ya ahadi kuliko siku ya kukabidhi.

Fedha zikishaingia

Gawa kazi kwa hatua, na mweka hazina atoe fedha kwa hatua. Hatua ya kwanza iishie na msimbo hadharani, kwenye ripo, yaani ghala la msimbo mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuifungua, hata kama wachangiaji wako hawasomi PHP. Fundi mwenzao atawasomea.

Kisha peleka plagini kwenye saraka mapema, kwa sababu inapitiwa na watu kabla ya kukubaliwa na huenda ikarudishwa na orodha ya marekebisho. Usiwatajie wachangiaji tarehe ya kuonekana kwenye saraka. Taja tarehe ya kuwatumia faili la kusakinisha, hiyo iko mikononi mwako.

Fedha zikizidi lengo, usiongeze vipengele kwa furaha. Mwaka 2010 vijana wanne wa Diaspora waliomba dola 10,000 za mtandao huria wa kijamii, wakapata zaidi ya 200,000, na mzigo wa matarajio ukawa mkubwa kuliko wao. Ziada yangu niliomba ipelekwe kwenye matunzo ya mwaka wa pili, wakapiga kura, ikapita.

Mwisho, ongeza mtu wa pili mwenye ruhusa ya kuweka masasisho kwenye saraka, na mtaje jina kwenye ripoti ya hesabu ili wachangiaji wajue wa kumpigia siku ukiwa umelazwa au umesafiri. Ripoti yenyewe iwe ukurasa mmoja: kilichoingia, makato, kilicholipwa kwa nani, kilichobaki. Orodha ya waliotoa usiitume na namba zao za simu.