SOMO: Kutambua, kusafisha na kutunza vijumba vya zamani vya Polly Pocket (enzi ya Bluebird)

Habari zenu wanajamvi. Tangu nibandike picha za kabati langu, kila siku napokea ujumbe: "Dada, hiki ni cha mwaka gani?" "Dada, nikioshe na nini?" "Dada, kina bei?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na maswali ni yale yale. Leo naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena inbox nitamrudisha hapa.

Kwa mgeni: nazungumzia vile vijumba vya plastiki vyenye umbo la kopo la poda. Ukifungua unakuta nyumba nzima ndani, na ngazi, kitanda, beseni la kuogea, na wanasesere ambao hawafiki sentimita 2 na nusu. Chris Wiggs, Mwingereza, alimtengenezea binti yake Kate cha kwanza mwaka 1983 kwa kutumia kopo halisi la poda. Kampuni ya Bluebird Toys ya Swindon ikaanza kuviuza madukani mwaka 1989. Mwaka 1998 Mattel, kampuni ya midoli ya Marekani, wakainunua Bluebird, na muda si mrefu wanasesere wakawa wakubwa, wenye nguo za mpira za kuvisha na kuvua. Somo hili ni la vile vidogo vya kabla ya hapo.

1. Soma maandishi kwenye plastiki, siyo kwenye boksi

Geuza kijumba, tafuta jina Bluebird na mwaka. Boksi linaweza kuwa na nembo ya Mattel hata kama kilichomo ni cha Bluebird, kwa sababu Mattel walikuwa wakivisambaza kabla ya kuinunua kampuni. Ule mwaka ni wa ubunifu wenyewe kusajiliwa, siyo lazima uwe mwaka kiliotoka kiwandani. Kijumba kilichoandikwa 1989 kinaweza kuwa kimetengenezwa baadaye, tena kwa rangi nyingine. Kisipokuwa na jina lolote, kuna uwezekano mkubwa ni mwigo. Miaka ile miigo ilikuwa tele.

2. Fungua kwa vidole gumba viwili, polepole

Bawaba ndiyo hufa kwanza. Ukiona mstari mweupe kwenye plastiki karibu na bawaba, hapo pameanza kuchoka. Usikifunue hadi mwisho.

3. Hesabu wakazi

Kila kijumba kilitoka na watu wake. Mwanasesere wa Bluebird amekunjika kiunoni na chini ana kitako cha mviringo kinachoingia kwenye matundu ya sakafu. Mjaribishe tunduni: akilegea au akigoma kuingia, huyo si wa hapo. Usimlazimishe.

4. Kusafisha

Hapa nitakaa, maana hapa niliharibu kitu ambacho sitakipata tena.

Mwanasesere wangu wa kwanza sikumnunua. Nilikuwa darasa la tatu, Tanga, mama akanunua koti la mtumba la mtoto, na mfukoni mwa koti mlikuwa na kimtu cha nywele za njano, kidogo kama punje ya karanga. Hatukujua ni nini. Nilikaa naye miaka yote, nikahama naye, nikavuka naye bahari. Siku moja hapa Bristol, Uingereza, nilikwenda kwenye mnada wa Jumapili, ile ya watu kuuza vitu kutoka kwenye buti za magari yao, nikaona kijumba wazi juu ya meza na ndani yake ndugu yake yule kimtu amelala kitandani. Ndiyo siku niliyojua jina lake. Nilirudi nyumbani nikasema leo namsafisha ang'ae, amkaribishe mwenzake. Alikuwa na doa la wino kwenye gauni tangu nikiwa shule. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikafuta. Doa likatoka. Likatoka pamoja na rangi ya gauni, na nilipomgeuza, kidole changu chenye unyevu wa ile dawa kilikuwa kimempitia usoni: macho yamekwenda, mdomo umekwenda, plastiki imefanya ukungu. Sekunde tano tu, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Ninaye mpaka leo na sikumchora upya.

Kwa hiyo shikeni haya:

- Asetoni (ndiyo hiyo iliyomo kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha) HAPANA. Siyo kwamba inasafisha plastiki hii, inaiyeyusha. Usitumie kidogo, usitumie kwa haraka, usitumie kwa pembeni.
- Spiriti usiipeleke kwenye uso wala nywele. Rangi pale imepakwa juu, haimo ndani ya plastiki.
- Zile sponji nyeupe zinazosifiwa kufuta kila kitu ni msasa mwororo. Zinaondoa mng'ao.
- Usiloweke kijumba chenye stika za ukutani. Stika ni karatasi na gundi. Zikilowa zinanyanyuka pembe, na zikinyanyuka hazirudi vizuri.

Njia ninayoitumia sasa: maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto. Chovya mswaki, ukung'ute, ndipo usugue. Pembeni nyembamba tumia kijiti cha meno kilichoviringishwa pamba. Kwenye stika pitisha kitambaa kikavu tu. Wanasesere waoshe ndani ya kikombe, kamwe si juu ya sinki lililo wazi. Tundu la sinki halirudishi kitu.

5. Vyenye taa

Toa betri kabla ya jambo lolote. Kama betri za alkalaini zimevuja na kuacha unga mweupe au wa kijani, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, gusa unga mpaka uache kutoa povu, futa kwa maji kidogo, kausha. Vaa glavu. Maji yasifike kwenye nyaya.

6. Kausha kivulini, wazi, usiku kucha.

7. Hifadhi

Giza, ubaridi, ukavu. Usiweke dirishani. Usihifadhi pamoja na zile nguo za mpira za wanasesere wa baadaye: mpira ukizeeka hutoa mafuta, na mafuta hayo hula plastiki ngumu iliyo jirani. Nimeona kijumba chenye alama ya kiatu cha mpira imezama sakafuni kama muhuri. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo ni hivyo hivyo. Tumia karatasi nyeupe isiyo na asidi, kisha boksi. Kabla ya kufunga kifuniko hakikisha kila mtu yuko mahali pake pa kulala; ukifunga mmoja akiwa amesimama pasipo pake, kinachovunjika ni ama yeye ama bawaba.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

mamboleo_84: Ninacho kimoja cha pinki. Sh ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 1. Kina jina? Mwaka? Wakazi wangapi? Picha iko wapi?

mamboleo_84: Si useme tu makadirio jamani.

Mwandishi: Siwezi kukadiria neno "pinki". Nenda eBay, chuja uone vilivyouzwa tayari. Bei anayoiomba mtu si bei aliyolipwa.

BintiKilindini: Dada shikamoo. Niko Mombasa. Kongowea nimepata kimoja kwenye gunia la midoli ya mtumba, kimeandikwa Bluebird 1990 na kitu, tarakimu ya mwisho imefutika. Wakazi hawamo. Lakini sakafuni kuna kisahani kinachozunguka, nacho kina tundu. Ni cha nini? Nimekigeuzageuza usiku mzima.

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana! Hilo tundu ndilo siri ya mchezo mzima. Kitako cha mwanasesere kinaingia pale, kinashika, na ukizungusha kisahani naye anazunguka bila kuanguka. Ndiyo maana Bluebird walimpa kitako cha mviringo badala ya miguu miwili: anasimama popote penye tundu, hata kwenye kitu kinachotembea. Kwa kuwa gunia ni moja, rudi kwa yule muuzaji umwombe upekue chini kabisa. Wakazi huwa wamezama huko pamoja na vifungo na matairi ya vigari. Angalia pia mifuko ya nguo za watoto, nisemavyo najua. Tarakimu iliyofutika: lalisha penseli, sugua juu ya karatasi nyembamba uliyoiweka pale, namba itajichora yenyewe.

BintiKilindini: Wallahi sikuwahi kufikiria hiyo ya penseli. Kesho asubuhi niko sokoni.

kaka_mdogo: Mimi nimetumia asetoni kidogo tu kwenye kifuniko na haikuharibika. Labda wewe ulizidisha.

Mwandishi: Kiinamishe chini ya taa uone kama pale ulipofuta bado panang'aa sawa na pembeni.

kaka_mdogo: Pamefifia kidogo.

Mwandishi: Basi.

kaka_mdogo: Ila doa limetoka.

Mwandishi: Na mng'ao nao umetoka. Nimeandika aya nzima juu ya hili, kaka yangu, kwa uchungu wa kweli. Sina la kuongeza.

Mzenji_Muscat: Ahsante kwa somo. Mimi niko Muscat, joto la huku unalijua. Kijumba changu kilikuwa cheupe kwa nje, sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimesikia watu wanapaka dawa ya hidrojeni peroksaidi ya saluni wanakianika juani kinarudi cheupe. Kweli?

Mwandishi: Ni kweli kinarudi, na ni kweli kinaweza kutoka na mabaka. Umanjano ule si uchafu, ni plastiki yenyewe imebadilika kwa mwanga na joto. Peroksaidi pamoja na jua huupausha, lakini ikikauka sehemu moja kabla ya nyingine unapata mawimbi kama ya marumaru, na hayo hayafutiki. Kwa cha pinki au samawati usithubutu, rangi nayo inapauka. Na umanjano huweza kurudi. Mimi vyangu vilivyogeuka nimeviacha. Kwako wewe muhimu zaidi ni kukitoa kwenye mwanga na usikisahau ndani ya gari hata kwa nusu saa.

Mzenji_Muscat: Kimekaa juu ya televisheni karibu na dirisha. Nakitoa sasa hivi.

fundi_saa: Dada, naruhusiwa kuchangia kuhusu bawaba? Kazi yangu ni saa za mkono, plastiki nimeigusa sana.

Mwandishi: Karibu sana fundi, hapo ndipo mimi ni mdhaifu.

fundi_saa: Watu wengi hukimbilia supagluu. Ubaya wake ni mvuke: unaganda kama ukungu mweupe kuzunguka pale ulipogundisha, na ukifunga kijumba mapema ukungu unatanda ndani kote. Ukilazimika, chukua tone kwa ncha ya sindano, usimimine kutoka kwenye chupa. Kiache wazi penye upepo siku nzima. Na kabla ya gundi ondoa wakazi wote, maana gundi ikitiririka tunduni, tundu limekufa.

Mwandishi: Hilo la kukiacha wazi sikulijua. Nimelinakili. Na bawaba iliyokatika kabisa?

fundi_saa: Ikiwa kishikizo kimekatika mzizi, gundi peke yake haidumu, kwa sababu pale ndipo uzito wa kifuniko unaposhukia kila unapofungua. Sisi hutoboa kitundu chembamba kila upande na kupitisha kipande cha waya wa chuma cha pua kama mfupa. Lakini ukikosea kutoboa umemaliza kijumba. Kwa kitu cha kumbukumbu mimi ningeacha vipande viwili, nikavifunga na utepe wa pamba.

mama_nasra: Mwanangu ana miaka 2, anavipenda. Nimpe achezee?

Mwandishi: Hapana mama. Mwanasesere mmoja anaenea kooni mwa mtoto. Na zile Polly za baadaye zenye sumaku ndogo ndani ya nguo na vifaa, Mattel waliziondoa sokoni mwaka 2006 na tena 2007, kwa sababu mtoto akimeza sumaku mbili zinavutana tumboni na kutoboa utumbo. Ukikutana nazo mtumbani usinunue kabisa.

mama_nasra: Ya Rabi. Ahsante mwanangu. Na kaka yake wa miaka 9 anataka "za wavulana".

Mwandishi: Mtafutie Mighty Max. Ni Bluebird hao hao, walizitoa mwaka 1992: ukifungua unakuta mazimwi, mapango na mifupa. Kanuni za kusafisha ni zile zile.

mamboleo_84: Nimeweka picha. Sasa bei?

Mwandishi: Ahsante kwa picha. Hakina jina popote na wakazi hawana vitako vya mviringo. Ni mwigo. Kama kina kumbukumbu kwako kitunze vile vile, hatua ya 4 mpaka ya 7 inakuhusu.

mamboleo_84: Kilikuwa cha dada yangu.

Mwandishi: Basi pole kwa ukali wangu hapo juu. Naona stika ya jikoni imenyanyuka pembe. Usiibonyeze kwa kidole, mafuta ya ngozi yanaizuia kushika. Weka karatasi safi juu yake, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, na usikiweke karibu na maji.

BintiKilindini: Dada! Nimerudi Kongowea. Mzee wa gunia kaniachia nipekue mpaka chini. Nimempata mmoja, nywele nyeusi, kitako mviringo. Ameingia tunduni akashika. Kisahani kinazunguka naye anazunguka, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Na penseli imesema 1992.

Mwandishi: Nimefurahi hadi nimesimama. Mpige picha akiwa juu ya kisahani, kisha mtoe pale umlaze kabla hujafunga kifuniko. Kuna watoto mlangoni, mmoja wao atakifunga.