Boksi la rimu kwa meza iliyojaa

Kwa mnaoishi hosteli na meza moja inayobeba kila kitu: tafuta boksi tupu la karatasi za A4, lile la rimu 5, ukiomba vizuri steshenari wanakupa bure. Kabla ya kukaa kusoma, bwaga humo kila kilicho mezani bila kuchagua. Kisha rudisha vile tu unavyohitaji kwa somo la sasa hivi: daftari, kalamu, kikokotoo. Boksi lisukume chini ya kitanda.

Kinachochosha kwenye kupanga meza ni kuamua. Ukishika karatasi moja moja unaanza kuzisoma, mara umekumbuka deni la mtu, saa nzima imekwisha. Kuchagua vitu 3 vya kurudisha ni rahisi kuliko kuamua hatima ya vitu 30. Jumapili ndiyo siku ya kupekua kilichobaki. Mimi nilikuta hendauti za muhula uliopita, chaja mbovu mbili (sijui nilikuwa nazitunzia nini) na risiti zilizofutika wino.

Sahani na vikombe visiingie humo, utafuga mende. Kitambulisho, flashi na vyeti vikae kwenye bahasha yake, maana ndani ya boksi vitapotea. Kama meza ni ya wawili, muulize mwenzako kwanza, usije ukambwagia na yake. Na ukijikuta unatafuta boksi la pili, ujue Jumapili umeacha kupekua.